Mchawi Wetu Hujulikana Tangu Ukurasa wa Kwanza

Nawaandikia kutoka Tarakea. Kama ilivyo ada, Desemba ikifika sisi watu wa Kilimanjaro tunafunga maduka mjini na kupanda mlimani, na mimi sikubaki nyuma. Huku baridi ni ya kuvaa makoti mawili, mpaka wa Kenya uko hapo hapo, na simu yangu inahangaika, haijui ishike mtandao wa kwetu au wa jirani. Kwa hiyo nimepata muda wa kusoma. Nimesoma, na nimekasirika. Anayetaka salamu za mwaka mpya arudi wiki ijayo, leo nina ugomvi.

Nilichosoma ni katuni. Usicheke kwanza. Kwenye sanduku la bati la baba mdogo nimekuta Sani za zamani, akina Lodi Lofa, Pimbi na Ndumilakuwili, nikazimaliza kwa siku mbili. Halafu nikafungua flashi niliyopewa na rafiki tangu tukiwa chuo kikuu, imejaa katuni za Kimarekani za miaka ya 1950, za kutisha na za bunilizi za sayansi: Tales from the Crypt, The Haunt of Fear, Shock SuspenStories, Weird Fantasy. Zilitolewa New York na kampuni ya EC ya William Gaines, na hadithi nyingi ziliandikwa na mhariri wake, Al Feldstein. Kila hadithi ni kurasa chache tu. Inakuvuta taratibu hadi picha ya mwisho, na picha ya mwisho inakupiga kibao.

Swali langu ni hili: kibao kinampiga nani?

Chukua hadithi iitwayo The Patriots, ya mwaka 1952. Gwaride la askari linapita barabarani, watu wamejipanga pembeni wanashangilia. Bendera inapopita wanaume wanavua kofia. Mmoja havui. Tena uso wake unaonekana kama una dharau. Umati unaamua kwamba huyu ni adui wa taifa, unamvamia, unampiga hadi anakufa. Ndipo mkewe anapofika. Marehemu alikuwa askari. Vita ilimpofusha na kumharibu uso. Bendera hakuiona, na ile dharau haikuwa dharau. Mwisho wa hadithi. Hakuna jini humo, hakuna maiti inayofufuka. Kinachotisha ni umati, na wewe msomaji ulikuwa ndani yake, kwa sababu hata wewe ulishaanza kumchukia yule bwana kwa sura yake.

Au chukua Judgment Day, ya mwaka 1953, iliyochorwa na Joe Orlando. Mwanaanga anatumwa kutoka Duniani kuikagua sayari ya maroboti, aone kama wamestaarabika kiasi cha kukaribishwa kwenye jamii ya sayari nyingine. Anakuta maroboti wa rangi ya machungwa na maroboti wa buluu. Ndani wameundwa sawasawa, tofauti ni ganda la nje tu. Lakini wa buluu wamepewa mtaa wao na kazi za chini. Mwanaanga anawaambia bado hamjafikia. Anapanda chombo chake, anavua kofia ya anga, na ndipo tunauona uso wake kwa mara ya kwanza. Ni mtu mweusi. Marekani ya 1953, jamani! Hakuna hotuba. Ni kofia tu imevuliwa.

Unajua kilichofuata? Mwaka 1954 daktari wa akili aitwaye Fredric Wertham alitoa kitabu akidai katuni zinaharibu watoto, na Aprili mwaka huo huo kamati ya Seneti ikamweka Gaines kiti moto. Wachapishaji wakaogopa, wakajitungia kanuni. Neno la kutisha lisiwekwe kwenye jina la gazeti. Maiti wanaotembea na wanyonya damu marufuku. Na katika kila hadithi wema ushinde uovu. Gaines alipotaka kuichapa tena Judgment Day, msimamizi wa kanuni hizo, Jaji Charles Murphy, akaja na sharti: yule mwanaanga asiwe mweusi. Yaani toa mwisho, bakiza hadithi. Gaines alikataa, akaichapa kama ilivyo mwanzoni mwa 1956. Toleo hilo ndilo lililokuwa katuni yake ya mwisho ya aina hiyo, akabaki na jarida la vichekesho la MAD.

Sasa turudi Bongo, maana huko ndiko kwenye ugomvi wangu.

Hadithi za kutisha sisi tunazo kwa magunia. Miaka ya 2000 filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilijaza vibanda vya video. Magazeti ya udaku yameuza riwaya za majini kwa mfululizo miaka na miaka, na leo zimehamia kwenye simu. Nimekua nazo, nazipenda, sina dharau nazo. Lakini hebu kumbuka tano ulizosoma wewe. Mchawi alikuwa nani? Bibi kizee. Mama mkwe. Mjane anayeishi peke yake. Ulimjua lini? Tangu ukurasa wa kwanza, alipotokea na kanga iliyochanika na macho mekundu. Mwisho ulifanya nini? Ulithibitisha. Mchungaji au mganga alifika, bibi akaumbuka, kijiji kikapumua, na wewe ukalala ukijiona mwenye akili kwa kuwa ulijua tangu mwanzo.

Hiyo siiti hadithi ya kutisha. Hiyo ni hati ya mashtaka, na mshtakiwa hajapewa wakili.

Mtaniambia ni burudani tu, mbona nakuza mambo. Sawa. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, watu saba waliuawa na wanakijiji wenzao kwa tuhuma za uchawi, na polisi wakakamata watu 23. Ripoti za haki za binadamu zimekuwa zikihesabu mamia ya waliouawa kwa tuhuma kama hizo ndani ya mwaka mmoja, wengi wao wanawake wazee, na Kanda ya Ziwa ndiyo imeumia zaidi. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, enzi za Mwingereza, na haijawaokoa. Ushahidi mara nyingi ni ule ule: macho mekundu. Na kila mtu aliyewahi kukaa jikoni kwenye mafiga anajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye moshi wa kuni, na kwa mtu aliyepika kwa kuni miaka sitini hayawezi kuwa meupe kama ya msichana wa tangazo la sabuni.

Sisemi katuni au riwaya ndiyo iliyowasha moto Murufiti. Sina ushahidi huo, na mimi ni mwandishi wa habari, nisingetaka kufanya kile ninachokilaani. Ninachosema ni kwamba muuaji akishafanya uamuzi wake kwa kuangalia macho, hadithi zetu haziwahi kumwambia kwamba amekosea. Zinampigia makofi.

Kitu kimoja kimenichekesha kwa uchungu. Katika The Haunt of Fear msimulizi ni Bibi Mchawi mwenyewe, kizee mwenye jicho moja la kutisha, anakukaribisha mwanzoni na kukuaga mwishoni kwa utani. Lakini muuaji si yeye hata kidogo. Muuaji ni mume mwenye tai, ni mfanyabiashara, ni mheshimiwa wa mji. Bibi kazi yake ni kusimulia tu. Kwetu bibi tumemnyang'anya hata kazi hiyo.

Sasa nikiri langu. Miaka miwili iliyopita niliandika hadithi fupi kwa ajili ya toleo la mwisho wa wiki la gazeti moja, silitaji. Mtoto anakufa ghafla kijijini. Watu wanamshuku bibi jirani, macho mekundu, anaongea peke yake. Baba wa marehemu anaongoza vijana usiku, nyumba inachomwa. Aya ya mwisho: asubuhi mama wa mtoto anafagia uvunguni, anakuta chupa ya soda. Ndani yake kuna mabaki ya dawa ya kunyunyizia kahawa ambayo baba mwenyewe aliimimina humo na kuisahau.

Mhariri aliisoma mbele yangu. Akaguna. Akasema, "Nzuri, lakini mwisho badilisha. Bibi awe mchawi kweli, na hiyo chupa itoe." Nikauliza kwa nini. "Kijana, msomaji anataka mchawi akamatwe. Hataki kukamatwa yeye."

Nikabadilisha. Gaines alikataa, mimi nilikuwa na kodi ya chumba. Ilitoka Jumapili na mchoro mzuri wa kizee mwenye kucha ndefu, na watu walinitumia ujumbe wa pongezi. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka, na angeshtuka na nini?

Najua hoja za upande wa pili. Walimu watasema katuni hizi ni uchafu. Nyingine ni uchafu kweli, damu tupu, na Gaines alijiumbua mbele ya Seneti alipotetea jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa kwamba halijavuka mipaka kwa gazeti la kutisha. Hilo simtetei. Viongozi wa dini watasema hadithi za kutisha zinapandikiza ushirikina. Lakini ushirikina haungoji kupandikizwa na katuni, uko shambani tangu zamani. Katuni inaweza kuchagua jambo moja: ukurasa wa mwisho kidole kimwelekee nani.

Na msiniambie kwamba mwisho wa kushtukiza ni kitu cha Wazungu. Katama Mkangi, Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, aliandika Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, anatua kwenye nchi ya ajabu. Jina la nchi hiyo likate vipande: wale ni sisi. Kibao hicho kimewekwa kwenye jalada, unakipokea kabla hujafungua kitabu.

Tena tusiende mbali, tubaki mlimani hapa. Wachaga tuna hadithi ya Mrile, iliyoandikwa na mmisionari Bruno Gutmann mwanzoni mwa karne ya 20, na Alice Werner akaiweka kwenye kitabu chake cha 1933. Kijana amekosana na mama yake, anakaa kwenye kiti cha baba, kiti kinapaa hadi angani. Anafika kwa watu wa Mwezi, anakuta wanakula vyakula vibichi. Anawafundisha moto, wanamjaza ng'ombe. Anarudi nyumbani amechoka, fahali wake anambeba kwa ahadi moja: Mrile asile nyama yake kamwe. Anawaonya wazazi. Miaka inapita, fahali anazeeka, wanamchinja, na mama anaficha mafuta yake kwenye chakula. Mrile anakula, anadidimia ardhini, anapotea.

Safari ya anga, teknolojia inayopelekwa sayari nyingine, na mwisho wa kutisha. Na muuaji hakutoka msituni. Ni mama, kwa mkono wa upendo, kwa kudhani anajua kuliko ahadi. Mchoraji wa Kitanzania anayetafuta hadithi ya kurasa nane anatafuta nini tena?

Hadithi hiyo nimesimuliwa upya juzi usiku na bibi yangu mzaa baba, jikoni, moshi umejaa, watoto wamejikunyata. Alipomaliza, watoto walikaa kimya kabisa, kisha mdogo akauliza, "Sasa mkosaji ni nani, bibi?" Bibi akacheka, akasema, "Nenda ukalale nalo."

Kisha akanigeukia mimi. "Na ile hadithi yako ya gazetini, mjukuu wangu, waliyokuwa wakiisifia? Mchawi alikuwa nani?"

Nikayatazama macho yake. Mekundu, yanatoa machozi kwa moshi, kama siku zote nilizomjua. Hapa Tarakea ni bibi wa watu, anaamkiwa na kila anayepita. Ingekuwa mahali pengine, na mtoto wa jirani augue ghafla, sijui.

Nikamwambia, "Alikuwa baba wa mtoto." Nilimwambia mwisho nilioandika, si mwisho uliochapwa.

Basi wiki ijayo nitaiweka hapa hadithi hiyo, na chupa ya soda ikiwa uvunguni mahali pake. Mchoraji anayetaka kuichora aje tuzungumze, pesa sina, hadithi ninayo. Na wewe mhariri, kama unasoma, najua utaitambua.

Nawasilisha.