Manjano, mionzi na kikohozi cha mama

Mzazi mwenzangu, mama amerudi Karatu baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya matiti kule Ocean Road. Miezi mitatu baadaye kinamwanza kikohozi kikavu, na akipanda kilima kidogo tu anahema. Jirani anakushauri: mchemshie manjano.

Jirani hajabuni. Mionzi ya kifuani inaweza kuumiza mapafu. Kwanza yanavimba, kisha baada ya miezi hubaki makovu, na pafu lenye kovu halitanuki vizuri. Kukumini, kemikali inayoipa manjano rangi yake, imepunguza makovu hayo kwa panya wa maabara.

Lakini mama si panya. Kukumini ya kwenye chakula huingia kidogo sana kwenye damu, na vidonge vyake vinaweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwaka 2011 tuliona Samunge, Loliondo: maelfu walipanga foleni kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Tusirudie.

Mboga iungwe manjano kama kawaida. Kikohozi kipelekwe hospitali mapema, maana uvimbe huo una dawa. Beba karatasi za mionzi. Bila hizo daktari anaweza kudhani ni nimonia au kifua kikuu. Na kila mti unaomchemshia mama, utaje bila aibu.