Friza ya Nyumbani: Akiba au Israfu?



Kila Idd ya kuchinja inapokaribia, jamaa wengi wa Voi na viunga vyake huanza kuulizana habari za friza. Tumeona vyema tulizungumze jambo hili kabla pesa hazijatoka mfukoni.

La kwanza ni umbo. Friza ya sanduku, ifunguliwayo kwa juu, huhifadhi baridi kuliko ile ya kusimama, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini kifuniko kinapoinuliwa. Ya kusimama huchukua nafasi ndogo na vitu huonekana upesi, lakini kila mlango ufunguliwapo baridi humwagika nje. Kwa kuwa umeme wetu hukatika ghafla, sisi twapendelea ya sanduku. Ikijaa na isipofunguliwa, nyama hukaa imeganda takriban siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja. Basi msinunue kubwa kuliko mahitaji yenu.

La pili ni joto. Aishiye Wundanyi, juu milimani, hana taabu ya aliye Voi au Taveta. Tazameni herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha friza: N imetengenezwa kwa joto la chumba hadi nyuzi 32, ST hadi 38, na T hadi 43. Kwetu sisi, T ndiyo salama. Tazameni pia lebo ya nyota, maana nyota zikizidi, tokeni hudumu. Iwekeni mbali na jiko na jua, iacheni ipumue ukutani, na itieni kifaa cha kuilinda umeme unaporudi kwa kishindo.

La tatu ni malipo. Mkopo wenye riba hauwi halali kwa sababu ya nyama. Ni heri kungoja zamu ya chama, au kununua kwa awamu ambazo bei yake imekatwa mapema bila nyongeza ya kuchelewa.

Lakini lililo zito zaidi ni lile litakalotiwa ndani. Mtume (S.A.W.) mwaka mmoja aliwakataza Masahaba kuweka nyama ya udhiya kupita siku tatu, kwa sababu wahitaji walikuwa wameingia Madina. Mwaka uliofuata, dhiki ilipoondoka, akawaruhusu kula, kulisha na kuweka akiba. Kuweka akiba, basi, ni halali. Ila tuone kwamba katazo lile lilifuata hali ya wenye njaa, halikufuata ukubwa wa chombo.

Kaunti yetu huijua njaa ya ukame. Kwa hivyo twawausia akina mama na akina baba: siku ya kuchinja, fungu la maskini na la jirani litoke mlangoni kwanza, ndipo kifuniko cha friza kifunguliwe. Kitakachobaki kifungeni vifurushi vya mlo mmoja mmoja, mkiandike tarehe, kiliwe kisisahauliwe.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu na atuepushe na israfu. Wabillahi tawfiq.