Mastiki Haiungi Faiba

Boti ya faiba ikipasuka Ziwa Tshangalele au huko Kilwa kwenye Mweru na kuletwa Lubumbashi, mwenyewe hupewa shauri moja: mpelekee fundi wa bodi za magari, apake mastiki, apige msasa na rangi, kesho irudi majini. Shauri hilo lina msingi. Mafundi wetu wa bodi ni hodari, mastiki haina bei ya kutisha, tena hutengenezwa kwa poliesta, rezini ileile ya boti nyingi. Na nyufa nyembamba kama nywele, zisizovuka jelikoti, yaani ngozi ya nje inayong'aa, hazidai kazi kubwa: zikwanguliwe, zijazwe jelikoti, basi.

Ufa ulioingia kwenye faiba ni habari nyingine.

Kwanza, kwenye gari, chini ya mastiki kuna bati. Bati ndilo lenye nguvu. Mastiki hurudisha umbo tu. Kwenye boti nguvu imo katika nyuzi za kioo zilizolazwa ndani ya rezini. Ufa ukipita, nyuzi zimekatika, na mastiki haina za kuziunga: kiasi kikubwa ni unga wa talki, ambao hunywa maji. Ubavu wa boti hunesa kila wimbi linapopiga. Kiraka kigumu kisichonesa nao huachia pembeni, maji yakapenya chini ya rangi ambayo bado inapendeza.

Dawa ni nyuzi mpya, nazo zinataka eneo pana la kushikia. Kanuni inayojulikana kwa mafundi wa boti ni mteremko wa 12 kwa 1: ubavu wenye unene wa milimita 6 husagwa kwa mteremko wa milimita 72 kila upande wa ufa. Wenye boti hushtuka wakiona ufa mdogo umegeuzwa bonde, na siwalaumu. Lakini rezini mpya haiwi kitu kimoja na ile iliyokwisha kukauka. Huinata tu, kwa hiyo upana ndio unaobeba mzigo. Epoksi hunata vizuri kuliko poliesta, ingawa ni ghali. Na futa kwa asetoni kabla ya kusaga, si baada tu, la sivyo msasa utaisukuma nta iliyo juu ya boti ndani ya faiba.

Pili, husemwa kiangazi ndicho msimu wa kazi hii. Ni kweli kwa ukavu, si kwa joto. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai huweza kushuka chini ya sentigredi 10, ilhali poliesta hutaka 15 au zaidi. Fundi akiona haigandi huongeza kigumushi kupita kipimo cha kawaida, 1 hadi 2 kwa mia, na rezini hutoka nyepesi kuvunjika. Afadhali angoje jua la mchana.

Tatu, ufa una sababu. Ukiwa nyuma, palipofungwa injini nzito kuliko boti ilivyokusudiwa, hata kiraka bora kitapasukiwa kando yake.

Fundi wa bodi aweza kazi hii, mkono anao. Mnunulie kitambaa cha faiba na rezini badala ya mkebe wa mastiki, na kabla ya kumlipa gonga kiraka chote kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti butu hapajashika, arudie.