Mwanafunzi wa fildi anahitaji mlezi, si fomu

Barua za vyuo vya Biblia na theolojia hutufikia mikononi mwa vijana wenyewe, wakishuka kwenye basi na begi moja. Zinaomba usharika umpokee mwanafunzi kwa wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo katika idara ya vijana. Nyuma ya barua kuna fomu ya kujazwa siku ya mwisho: mahudhurio, nidhamu, mavazi, idadi ya mahubiri. Mimi ni mlezi wa vijana katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Iringa, na nimejaza fomu hizo kwa miaka mingi. Sijakutana hata na moja inayouliza ni nani aliyekaa na mwanafunzi huyu wakaizungumza kazi yake.

Nafasi za fildi zipo tele, maana hakuna usharika unaokataa mikono ya bure. Anayekosekana ni mtu mzima mwenye uzoefu aliyetengewa muda wa kumlea mgeni huyo. Anapofika tu anakabidhiwa vipaza sauti, funguo za ukumbi na darasa la Shule ya Jumapili ambalo mwalimu wake amesafiri. Baada ya Jumapili mbili tatu anapandishwa mimbarani. Akihubiri vizuri, wazee wanasema ameiva. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya vijana haifanyiki mimbarani. Inafanyika baada ya mazoezi ya kwaya, wenzake wanapoaga na mmoja anabaki nyuma akikunja nyaya ambazo hakuna aliyemwagiza azikunje.

Mwanafunzi mmoja tuliyempokea alifuatwa hivyo na binti aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Alimsikiliza kwa upole, akaomba naye, akampa mistari ya kusoma nyumbani. Jioni akaja kwangu. “Shikamoo mama. Nimefanya sawa?” Nikamwambia kuomba naye ni sawa, tena asiache. Kisha nikamuuliza: mtoto anatunzwa na nani? Binti mwenyewe anatamani nini? Aliyempa mimba ni kijana mwenzake au ni mtu mzima? Hakuwa ameuliza. Wala hakujua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za mfumo rasmi. Hakujua kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kutendewa vibaya azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba namba 116 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Hayo hayakuwamo katika daftari lake la chuo, na simlaumu. Tuliyazungumza jikoni kwangu nikichambua mboga, hadi giza likaingia. Alipokwenda shuleni na mama wa yule binti kuulizia nafasi, nilifuatana nao, nikakaa kimya ili aongee yeye. Njiani tukirudi nikamweleza alipoharakisha na alipofanya vyema. Mwanafunzi huyohuyo, kama angepangiwa mahali pasipo na mtu wa kumuuliza swali, angemaliza wiki zake akiamini kwamba kazi ile aliikamilisha siku alipoomba na binti.

Ndugu zetu Wakatoliki wamelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Yohane Bosco alipopewa upadre mwezi Juni 1841 hakukimbilia parokia. Aliingia katika nyumba ya malezi ya mapadre vijana mjini Turin, na Padre Giuseppe Cafasso akawa anampeleka kwenye magereza ya mji ule. Humo aliwakuta wavulana wadogo wamefungwa, akaona kwamba wengine walitoka wakarudi tena kwa kuwa huko nje hawakuwa na wa kuwashika mkono. Wasalesiani aliowaanzisha, ambao tunao pia hapa Iringa, hadi leo huwaweka waseminari wao kati ya vijana kwa takriban miaka miwili baada ya masomo ya falsafa na kabla ya theolojia. Huishi katika jumuiya, chini ya macho ya wakubwa wao. Sisi tunatoa wiki chache na fomu.

Najua jibu la wachungaji: mitaa ni mingi, mazishi hayana ratiba, muda haupo. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi mlezi lazima awe mchungaji. Mwalimu mstaafu anaweza, muuguzi anaweza, mama aliyelea watoto wake na wa jirani anaweza, ilimradi chuo kimwite na kumfundisha kabla. Mlezi huyo akae na mwanafunzi saa moja kila wiki, simu zimezimwa, na mwanafunzi aje na mazungumzo mamoja aliyoyaandika kwa kumbukumbu: kijana alisema nini, yeye akajibu nini. Nimejifunza kwamba hapo ndipo mtu anajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hata wanafunzi wa Yesu katika Luka 10 walitumwa wawili wawili, na waliporudi walipata mtu wa kumsimulia.

Jambo moja sitalilegeza. Mwanafunzi wa kike apewe mlezi wa kike, na asilazwe kwa yeyote tu aliye na chumba cha ziada. Mabinti wameniambia mambo waliyoogopa kuyaandika katika ripoti, kwa sababu ripoti ilisainiwa na mwenye nyumba.

Mabaraza ya wazee yanapopanga bajeti ya mwaka ujao, naomba yaandike nauli ya mwanafunzi kwenda mitaani, chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na posho ya mlezi. Usharika ulioweza kuchangia vyombo vya muziki unaliweza hilo. Navyo vyuo viandike jina la mlezi katika barua kabla mwanafunzi hajakata tiketi, na mhadhiri afike wiki za mwanzo, wakati bado kuna kitu cha kurekebisha.