Ile Asilimia 2 ya Hoteli Huenda Wapi?

Ukilipia chumba Malindi kwa till, kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kwa chumba cha shilingi 5,000 kabla ya VAT, hiyo ni mia moja. Mia hiyo haiendi kaunti. Inaingia Tourism Fund, mfuko wa kitaifa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, unaosaidia mafunzo ya kazi za hoteli na kuitangaza Kenya. Ni sawa. Lakini mgeni akikosa choo safi ufuoni, tangazo litamrudisha kweli? Maoni yetu: sehemu ya ile mia irudi mji aliolala mgeni, na hesabu iwekwe wazi. Nawe usitosheke na meseji ya malipo. Itisha risiti inayoonyesha ushuru. Mali bila daftari hupotea bila habari.