Raba ya staa kwenye saruji

Wadau, kama mmeniona mjini wiki hizi mbili nikichechemea, msinipe pole nyingi. Sikugongwa na bodaboda. Nimeteguka kifundo cha mguu nikicheza kikapu, nikiwa nimevaa raba ya shilingi laki tatu na nusu yenye jina la mtu mwingine.

Mimi ni mchezaji wa Jumamosi. Sina timu, sina kocha. Tunacheza nusu uwanja, watatu kwa watatu, anayefungwa anatoka, jua likikolea tunahamia kwenye supu. Nina futi tano na inchi nane, na nikiruka sidhani kama gazeti lililokunjwa linapita chini. Lakini tangu sekondari nilikuwa na hamu ya kuvaa raba ya staa wa NBA, mpya, ya kwenye boksi. Miaka yote nimecheza na mtumba wa Karume, na waliovaa mtumba wanajua: kiatu kinaweza kuwa kizuri, ila mwenyewe wa kwanza ameshakikanyaga mpaka kimefuata mguu wake. Kaka zetu walikuwa wanaziita "raba mtoni". Ukiwa nayo mtaa mzima unajua.

Mwaka huu nikalipwa kazi ya pembeni, nikaenda dukani. Sitaitaja kampuni wala staa mwenyewe, hakunituma. Kwenye vigae vya duka ile raba ililia "kwii" kila nilipogeuka. Nyepesi kama kandambili. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii ndiyo anayochezea mwenyewe." Nikatoa hela.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Anaichezea, sawa, lakini wapi? NBA wanacheza ndani, kwenye sakafu ya mbao inayofutwa jasho mchezo ukiendelea. Raba nyingi za sakafu ile hupewa soli laini yenye mistari myembamba, kwa sababu ulaini ndio unaoshika ubao. Kiwanja chetu ni saruji, kama vilivyo vingi hapa Dar, na saruji ni msasa. Juu ya msasa kuna mchanga. Wiki ya kwanza nilikuwa nafuta soli kwa kiganja kila baada ya pointi mbili, tena nikajiona staa kweli maana hata wao hufanya hivyo. Wiki ya sita mistari ya chini ya kidole gumba ilikuwa imekwisha. Wiki ya tisa niliingia kushoto, nikafunga breki ili nirudi nyuma nirushe. Mguu haukufunga. Uliteleza, ukaja kushika ghafla kwenye ufa, mwili ukaendelea na safari.

Aliyenivua kiatu ni dogo mmoja anayecheza na raba ya mtumba, nembo imebanduka, soli nene kama tairi. Akaigeuza yangu, akapitisha kidole. "Braza, hii mbona imeisha? Ulikuwa huoni?" Kwa kweli nilikuwa sijaigeuza hata siku moja.

Biashara ya kuandika jina la mchezaji kwenye kiatu ni ya zamani. Chuck Taylor alikuwa mchezaji na muuzaji wa Converse, na saini yake imekuwa kwenye zile raba tangu miaka ya 1930. Mwaka 1973 Puma wakatoa ya Walt Frazier, ile Clyde. Halafu 1985 ikaja Air Jordan, na mauzo ya mwaka wa kwanza yanatajwa kufika dola milioni 126. Tangu hapo kila kampuni inatafuta jina.

Na jina halifuati kila mtu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kuingia NBA, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Hao wawili baadaye wakapata raba zenye majina yao. Thabeet hakupata. Nasikitika kama Mtanzania, ila najua kiatu hufuata soko, na soko hufuata anayefunga.

Sisemi ni utapeli mtupu. Kobe Bryant, aliyekulia Italia akitazama mpira wa miguu, aliwaomba Nike wamtengenezee raba fupi kama ya soka, ikatoka 2008, na leo raba fupi zimejaa kila uwanja. Huyo alijua mguu wake unataka nini. Lakini ni mguu wake! Curry naye alifanyiwa upasuaji wa kifundo mwaka 2011 na tena 2012, na kilichomsimamisha si kiatu peke yake. Alifanya mazoezi mengi ya nyonga, na akawa anafunga vishikio kwenye vifundo akicheza. Vishikio hivyo haviandikwi kwenye boksi la raba.

Mguu ukiwa juu ya mto nikapata muda wa kusoma. Kuna utafiti wa Marekani wa 1993 uliohusisha zaidi ya wanafunzi 600 wa chuo wanaocheza kikapu cha kujifurahisha. Wakagawiwa raba za shingo ndefu na za shingo fupi. Kuteguka hakukutofautiana kwa namna ya kueleweka. Mwingine wa Australia, wa 2001, uligundua kwamba aliyewahi kuteguka ana hatari karibu mara tano ya kuteguka tena, na wenye raba za vifuko vya hewa kisiginoni waliumia zaidi ya mara nne kuliko wenzao. Yangu ina kifuko. Na sasa nimeshajiunga na kundi la waliowahi. Hapo sikucheka.

Bei nayo nimeifikiria. Mwaka 2006 Stephon Marbury alitoa raba yake, Starbury One, ikauzwa dola 14.98, na yeye mwenyewe akaivaa kwenye mechi za NBA. Wapo walioicheka. Duka lililokuwa likiiuza lilifilisika 2008, hadithi ikafifia. Lakini staa alicheza nayo, na miguu yake haikudondoka.

Kinachoniudhi zaidi ni sisi wenyewe, vijana wa ofisini tuliosoma. Tunajiambia tunanunua kiatu cha kuchezea, kumbe tumenunua jina. Kununua jina si dhambi. Livae, pendeza, nenda nalo Jumapili kwa shemeji. Ila ukilipeleka kwenye saruji, uliza soli. Kampuni zenyewe zinajua tofauti: Nike huandika herufi XDR kwenye baadhi ya soli ngumu za viwanja vya nje. Mimi nilikaa dukani nusu saa nzima, nikauliza kama ipo nyeusi, nikauliza punguzo, nikauliza boksi. Soli sikuuliza, na muuzaji hakusema. Mwandishi wa habari huyo, ninayelipwa kuuliza maswali!

Mtaalamu wa viungo ameniagiza nisimame kwa mguu mmoja ninapopiga mswaki, asubuhi na usiku. Nafika sekunde kumi na saba, halafu nashika ukuta. Nikipona, dogo ameahidi kunipeleka Karume asubuhi na mapema, na amesema yeye ndiye atakayechagua, mimi nibebe mfuko tu. Ile raba ya laki tatu na nusu naivaa kazini. Juzi mhariri wangu ameniuliza ninunue wapi ya kwake.