Mafuta Yawe Karibu na Maji ya Udhu



Kila ufikapo mwezi wa Juni, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga hadi Njombe na Makete, huonekana jambo moja katika safu za sala. Mtoto huvuta mikono ya kanzu ifunike vidole. Mwingine hushindwa kukaa tahiyatu sawasawa kwa sababu kisigino kimepasuka. Akiulizwa ana nini, wenzake humjibia: haogi huyo!

Maneno hayo si kweli, na yanaumiza. Mara nyingi mwenye magaga na mikono iliyopauka ndiye anayeshika maji kuliko wote. Anayechukua udhu mara 5 na kuosha kila kiungo mara 3, kisigino chake hupitiwa na maji mara 15 kwa siku. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia unyevu usitoke. Maji ya mara kwa mara huyaondoa, na sabuni ya mche, ambayo ni ya kufulia nguo, huyamaliza kabisa. Kipupwe nacho ni msimu usio na mvua, hewa yake ni kavu na upepo haupumziki. Mtu akiacha miguu ikaushwe na upepo huo, unyevu wa ngozi hupotea, ngozi hukakamaa, kisha hupasuka.

Hatari yenyewe si sura mbaya tu. Ufa ni mlango wa vijidudu. Na mtoto anayeumwa na maji huanza kuyakwepa: hupaka kidogo mbele, kisigino anakiacha kikavu. Hapo tumepata maradhi na udhu usiotimia kwa pamoja.

Wapo wanaosema kuwa taabu ya baridi ni sehemu ya ibada, basi mtoto avumilie. Ni kweli Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inataja fadhila za kutimiza udhu wakati wa taabu. Lakini taabu hiyo ni ile inayomkuta mtu, si ya kutafutwa. Maji kuyapasha moto yakawa vuguvugu hakuna ubaya, ila yasiwe ya kuchoma, kwa kuwa maji ya moto sana hukausha ngozi zaidi. Hata kujifuta baada ya udhu, ambako vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi'i vinapendelea kuacha, vimetoa udhuru kwa mwenye baridi. Basi jifuteni kwa kitambaa, kwa kugandamiza bila kusugua, hasa katikati ya vidole, kisha pakeni mafuta pale pale kabla ngozi haijakauka kabisa. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo. Ndiyo maana kupaka usiku peke yake juu ya ngozi iliyokwisha kupauka hakusaidii sana.

Mafuta gani? Ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Ya alizeti pia ni mazuri. Wenye magaga waloweke miguu katika maji ya vuguvugu dakika 10 kabla ya kulala, wapake mafuta mengi, wavae soksi za pamba. Jiwe lisipitishwe kwenye ufa unaotoa damu.

Swali tunaloulizwa kila mwaka: je, mafuta hayaharibu udhu ujao? Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kuwa athari ya mafuta ya maji maji haidhuru maadamu maji yamepita juu ya ngozi, hata kama hayakutulia. Kinachozuia ni kitu chenye unene, kama nta iliyojazwa ndani ya ufa. Hivyo wanaodondosha mshumaa kwenye visigino waache, na aliyepaka mafuta ya mgando kwa wingi ayafute kwanza.

Yapo mambo mawili tunayoyakataza kabisa. La kwanza ni kuingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kupasha mikono; hewa yake huua watu usingizini. La pili ni krimu za dukani zenye dawa kama betamethazoni na klobetasoli, zinazopakwa bila kuandikiwa na daktari. Siku za mwanzo ngozi hung'aa, baadaye hukonda na kuchanika kirahisi.

Si kila muwasho ni ukavu. Ukiwashwa zaidi usiku, vipele viko katikati ya vidole na ndugu zako nyumbani wanajikuna, huo huenda ni upele, nao una dawa yake. Ufa wenye usaha, uvimbe au joto upelekwe zahanati, na mzee mwenye kisukari asingoje hata kufika huko.

Rai yetu kwa kamati na wazazi ni hii: kuanzia Juni hadi Agosti liwekwe kopo kubwa la mafuta ya mgando na vitambaa safi pale penye maji ya udhu, kila mtoto aje na kitambaa chake. Mafuta yachotwe kwa kijiko, si kwa vidole, ili mwenye upele asiwaambukize wenzake.